Land Rover ya zamani inakula breki upande mmoja: maneno ya mtaani na ukweli wake

Kigoma bado zipo Land Rover 88 na 109 (namba ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) za Series III, zile zilizotengenezwa 1971 hadi 1985, na wenye nazo wanazipenda kweli, ila ukikaa gereji yoyote Mwanga au Ujiji utasikia maneno yaleyale kuhusu breki na mengine ni hatari jamani, maana mtu akitoka hapo anaenda kushuka milima ya Manyovu na mzigo nyuma.

Kubwa kuliko yote ni hili, eti upande ulioisha ndio mbovu. Fundi anafungua, anakuta shuu (vile vipande vinavyobana dramu kusimamisha tairi) za kulia zimebaki karatasi na za kushoto nzima kabisa, anaweka mpya kulia, anafunga. Hapana! Mara nyingi upande ulioisha ndio ulikuwa unafanya kazi peke yake. Kule kushoto pistoni ya silinda ya breki, ile inayosukuma shuu, imeshika kutu, haisukumi, shuu hazigusi dramu, zitaishaje sasa? Na ukikanyaga breki utaona gari inavutia kulia. Fungua dramu za pande zote mbili, mwenzako akanyage pedeli kidogo tu wewe ukiangalia nani anasogea na nani amelala (asikanyage mpaka chini, pistoni itachomoka).

Inawezekana pia ulioisha ulikuwa hauachii. Hiyo utaijua kwa joto, ukitembea kidogo tairi moja habu inachemka nyingine ya kawaida. Piga jeki, kanyaga, achia, zungusha tairi. Ikiwa imekaza fungua nati ya kutolea upepo, tairi ikilegea hapohapo ujue presha ilikuwa imefungiwa, na kwa tairi moja ya mbele wa kwanza kushukiwa ni hosi ya mpira iliyovimba ndani, nje unaiona nzima kumbe oili inaenda hairudi. Isipolegea, basi ni pistoni, springi au ajasta (ile ya kusogeza shuu karibu na dramu). Nyuma hosi ni moja kwa ekseli nzima, kwa hiyo zikikaza zote mbili anzia hapo.

Wengine wanasema shuu mbili za tairi moja lazima ziishe sawa. Inategemea. 109 mbele ina silinda mbili kila tairi, pale zikipishana sana silinda moja imekufa. Ila nyuma, na kwa 88 nyingi hata mbele, silinda ni moja, shuu inayoangalia mbele ya gari inavutwa na mzunguko wa dramu yenyewe kwa hiyo inawahi kuisha, hilo ni la kawaida wala usipoteze hela.

Handbreki kusingiziwa kwamba ndiyo inakula upande mmoja? Kwenye Series haigusi tairi kabisa, ina dramu yake kule kwenye propela nyuma ya giaboksi.

Halafu kuna hii ya oil sili (mpira unaozuia oili ya ekseli isiingie kwenye dramu) ikivuja, lainingi (ule utando wa shuu unaosugua dramu) inaoshwa na petroli, inachomwa moto, inapigwa msasa, inarudishwa. Lainingi imeshainywa ile oili, ikipata joto inatoka tena, upande ule unateleza au unashika ghafla. Badilisha sili kwanza, kisha lainingi za pande zote mbili za ekseli.

Na tafadhali, oili ya injini au maji ya sabuni msiweke kwenye masta silinda (silinda kuu ya oili ya breki) hata kama Kasulu bado mbali. Oili ya injini inavimbisha mipira yote, maji yanaleta kutu, na silinda zikianza kukwama ndio ulaji wa upande mmoja unaanza upya. Weka oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4, na kila miaka 2 hivi imwage uweke mpya hata kama gari imepaki tu, kwa sababu hiyo oili inafyonza unyevu wa hewa.

Kukaza ajasta raundi sawa kila tairi nako hakusaidii, shuu na dramu hazijalika sawa. Kaza mpaka tairi igome, rudisha mpaka izunguke huru, kanyaga pedeli shuu zikae vizuri, rudia.

Vumbi la ndani ya dramu msipulize kwa kompresa wala mdomo, lainingi nyingi za enzi zile zilikuwa na asbestosi, inaua mapafu taratibu. Lowesha na maji, futa na tambara, litupe, na watoto wanaopenda kuchungulia gereji wakae mbali kwanza.