Je, wajua kwa nini pampu ya stelingi hulia wakati hakuna oili inayovuja?

Gari la zamani likianza kulia "wiii" unapokata kona, lawama huangukia pampu, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi. Mimi niliibadilisha kabisa. Kesho yake mlio ukarudi vilevile: pampu mpya, kelele ya zamani.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba mpira wa kupitishia oili, usipovuja, ni mzima. Nilipapasa kila kiungo, nikatandaza gazeti chini ya gari usiku kucha, sikuona hata tone. Ushahidi huo unatosha kwa mpira mmoja tu, ule unaotoka kwenye pampu. Huo hubeba shinikizo linaloweza kupita mara 70 ya lile la hewa inayotuzunguka, hivyo ukipasuka utajua. Ule mwingine, unaoshuka kutoka kwenye kopo la oili, ni wa kunyonya. Injini ikiwaka, shinikizo ndani yake huwa dogo kuliko la hewa ya nje, kwa hiyo ufa wake hautoi oili. Unaingiza hewa.

Chukua mrija, utoboe kwa sindano juu kidogo ya kinywaji, kisha unyonye. Hakimwagiki kitu, ila mdomoni unafika mchanganyiko wa kinywaji na hewa, tena kwa mkoromo. Pampu hunywa hivyohivyo. Oili haikubali kubanwa, hewa hukubali. Viputo vikifika upande wa shinikizo hupondwa kwa ghafla, na huko ndiko kilio kinakotoka.

Dalili ninayoipenda iko koponi. Fungua kifuniko, utaona oili imepauka na ina povu. Sasa mtu azime injini huku wewe ukitazama: oili ikipanda yenyewe, ni hewa iliyokuwa imebanwa inatanuka.

Si kila mlio ni hewa, lakini. Chujio la koponi likiziba, pampu hulia karibu sawa, na mkanda uliolegea una kelele zake. Pampu nazo huchakaa kweli, hasa zikizungushwa na povu muda mrefu.

Kwangu mpira wa kunyonya ulikuwa umekakamaa kwa uzee, haushiki tena shingo ya pampu, na kukaza klampu hakukusaidia. Niliweka mpira mpya na oringi mpya (pete ya mpira ya kuziba kiungo), nikainua magurudumu ya mbele kwa jeki na, injini ikiwa imezimwa, nikazungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, nikiongeza oili kila ilipopungua, mpaka viputo vikakoma.