Mashine Iliyokuwa Ikiharibika Usiku Tu

Mashine ya kuzalisha oksijeni ililetwa kwenye karakana yangu mara tatu ndani ya wiki mbili, na lalamiko lilikuwa lile lile: king'ora kinalia, taa ya oksijeni pungufu inawaka. Mara ya kwanza nilisafisha chujio, nikaiacha ikiwaka mchana kutwa, ikatoa oksijeni ya asilimia 94 bila kuyumba. Nikairudisha wodini. Mara ya pili nikabadilisha mipira yote ya ndani, nikidhani kuna mahali hewa inavuja. Mara ya tatu nikabadilisha mitungi ya zeolaiti, ambayo ndiyo moyo wa mashine yenyewe. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na kilichobaki karibu chote ni naitrojeni. Kompresa inaisukuma hewa hiyo ipite kwenye chembe za zeolaiti, zeolaiti inaikamata naitrojeni, oksijeni inapita. Zeolaiti ikichoka, oksijeni inashuka. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuishuku. Nikafunga mitungi mipya, mashine ikarudi wodini, na usiku ule ule ikalia.

Nilipokwenda kuichukua mara ya nne, muuguzi wa zamu ya usiku aliniambia kwa upole, "Fundi, mimi niliandika tangu siku ya kwanza. Inalia usiku tu."

Nikarudi karakana, nikaitafuta fomu ya kwanza. Neno lilikuwepo, pembeni kabisa, kwa kalamu ya bluu: usiku. Nilikuwa nimelisoma nikalipita.

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa tiba, kwa hiyo siku nzima niko kati ya watu wanaotafuta ugonjwa ndani ya mwili na mashine ambazo nazo zinaugua kivyake. Nimejifunza mengi kwa wauguzi na madaktari, mengine kwa mafundi umeme, na nyumbani ninajifunza kwa mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Sote tunafanya kazi moja isiyo na jina moja. Daktari anaiita utambuzi wa ugonjwa, fundi anaiita kutafuta hitilafu, na mwalimu mara nyingi hana hata jina la kuiita. Ninachoamini, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kwamba kiini cha kazi hii ni kujua kuuliza swali linalotenganisha dhana mbili. Elimu nyingi inasaidia, lakini mwenye elimu nyingi asiyejua kuuliza swali la namna hiyo atazunguka tu.

Hebu tazama nilichokuwa nikifanya. Kila nilipobadilisha kipuri, niliwasha mashine karakanani mchana, nikasoma asilimia 94, nikaridhika. Lakini dhana ya "nimeitengeneza" na dhana ya "haikuwa na ubovu wowote" zote mbili zinaniahidi asilimia 94! Kipimo changu kilikuwa sahihi, na hakikuniambia kitu.

Mke wangu ndiye aliyenifanya nilione jambo hili waziwazi, tena kwenye daftari la mwanafunzi wake. Mtoto alikuwa ameandika 52 − 37 = 25. Chini yake, 81 − 46 = 45. Mwalimu mwenye haraka anapiga mikato miwili myekundu, anaandika "ongeza bidii", anafunga daftari. Yeye alikaa nalo. Akaniambia, "Huyu habahatishi. Ana kanuni yake." Kanuni ilikuwa hii: katika kila safu, toa tarakimu ndogo kutoka tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu. Saba toa mbili ni tano, tano toa tatu ni mbili, ndiyo 25. Mtoto alikuwa akifuata utaratibu wake kwa uaminifu kabisa, na utaratibu wenyewe ndio uliokuwa na kasoro.

Kilichonivutia zaidi ni alichofanya baadaye. Hakuanza kufundisha papo hapo, kwa kuwa bado ilikuwa dhana tu. Alitaka hesabu moja ya kuihakikisha. Nikapendekeza 68 − 25. Akatikisa kichwa. Anayejua kutoa atapata 43, na mwenye kanuni ile mbovu naye atapata 43, sasa tutakuwa tumejua nini? Akaandika 60 − 34. Anayejua kutoa atapata 26. Mwenye kanuni ile atapata 34. Anayebahatisha ataleta chochote. Kesho yake mtoto akaandika 34, na mwalimu wake akajua pa kuanzia, yaani kukopa kutoka safu ya makumi. Nasema kwa moyo wote kwamba hesabu ile moja ilikuwa kipimo bora kuliko vipimo vingi ninavyoviona vikifanyika kwa mitambo ya gharama kubwa.

Mafundi tuna namna yetu ya kupata swali zuri, nayo ni kukata katikati. Ukiwa na waya mrefu wenye viungio 1,024 na kimoja kimekatika, usianze na cha kwanza. Weka multimita, yaani kipima umeme, katikati. Umeme ukifika, ubovu uko nusu ya mbele. Usipofika, uko nusu ya nyuma. Ukiendelea hivyo, vipimo 10 vinatosha.

Lakini si kila tatizo linanyooka kama waya. Lililotawanyika linahitaji swali jingine, ambalo nalipenda kuliko yote: ni wapi, ni lini, na ni kwa nani halitokei?

John Snow, daktari wa London, alilitumia mwaka 1854 kipindupindu kilipolipuka mtaa wa Soho. Wengi waliamini ugonjwa huletwa na hewa chafu. Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street. Watu hukumbuka ramani yake yenye alama za vifo vilivyoizunguka pampu, lakini mimi naona ramani ile peke yake isingetosha, maana hata hewa chafu ingeweza kuzagaa mahali pale pale. Nguvu ya hoja yake ilikuwa kwa watu wasiolingana na ramani. Jirani na pampu kulikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535. Walikufa watano tu, na nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia cha mtaa huo huo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, wakinywa bia ya kiwanda, wala hawakuchota maji ya pampu ile. Hakufa hata mmoja. Kisha mbali kabisa, Hampstead, alikufa mjane mmoja. Alikuwa amewahi kuishi karibu na pampu ile, akayapenda maji yake, akawa anapelekewa kwa mkokoteni. Watu wa kiwandani walivuta hewa ya Soho wakapona. Mjane hakuivuta, akafa. Hapo dhana mbili zimetengana, na hewa chafu haina pa kujitetea. Mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba mwaka huo.

Swali hili likikosekana, gharama yake inaweza kuwa uhai. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa Marekani walijadili kama baridi ingedhoofisha mipira inayoziba viungio vya roketi za chombo cha anga cha Challenger. Waliangalia safari zilizopita ambazo mipira ilidhurika, wakaona madhara yametokea kwenye baridi na kwenye joto pia, kwa hiyo baridi haikuonekana kuwa na hatia. Safari ambazo mipira haikudhurika hawakuziweka mezani. Asubuhi chombo kikaruka, kikasambaratika angani. Tume iliyochunguza ajali iliziweka zote pamoja. Safari nne zilizoruka kwenye nyuzi 65 za Farenhaiti au chini yake, yaani kama 18 za Selsiasi, zote zilipata madhara. Kati ya 20 zilizoruka kwenye joto la kuanzia nyuzi 66, zilizodhurika zilikuwa tatu tu. Asubuhi ya ajali nyuzi zilikuwa 36 za Farenhaiti, yaani kama 2 za Selsiasi. Walikufa watu saba. Kila nikiisoma habari hii nasononeka, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya kumbukumbu zao wenyewe, upande wa safari zilizokwenda salama.

Sasa kuna wanaoniambia kwamba bingwa wa kweli haulizi maswali yote hayo, anatazama tu na kujua. Ni kweli, nimewaona. Tarehe 14 Novemba 1969 roketi ya Apollo 12, iliyokuwa ikipeleka watu mwezini, ilipigwa na radi nusu dakika tu baada ya kuruka, na takwimu kwenye skrini za waongozaji zikageuka vurugu tupu. Kijana mmoja, John Aaron, akaitambua vurugu hiyo. Alikuwa ameiona mwaka mmoja kabla katika jaribio, akataja swichi moja ambayo wenzake wengi hawakuijua. Swichi ikabonyezwa, takwimu zikarudi, safari ya mwezini ikaendelea. Watu husifu kasi yake. Mimi nasifu siku ile ya mwaka uliotangulia, alipoona takwimu za ajabu ambazo hakuna aliyemtuma azifuatilie, naye akazifuatilia mpaka akajua zinatoka wapi. Kasi yake ilitokana na subira ya siku ile.

Tena uzoefu una hatari yake. Nilikuwa nimebadilisha mitungi mingi ya zeolaiti kabla ya mashine hii, na kila mara ilikuwa dawa. Kwa hiyo nilipoona oksijeni pungufu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kipuri nilichokizoea. Zeolaiti iliyochoka haipati nafuu asubuhi ikaugua tena jioni. Neno "usiku" lilikuwa linaikataa dhana yangu waziwazi, na uzoefu ukanizuia kulisikia.

Daktari ana mzigo ambao mimi sina: hawezi kumzima mgonjwa, kumfungua, na kumjaribishia kipuri. Anategemea vipimo, na vipimo vina mtego ambao nadhani kila mtu angepaswa kuujua. Chukua ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hakimkosi mgonjwa hata mmoja, ila kati ya wazima 100 kinawasingizia 5. Umepimwa bila kuwa na dalili yoyote, umeambiwa unao. Je, uwezekano kwamba unao kweli ni kiasi gani? Mwaka 1978 swali la namna hii liliulizwa kwa madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 nchini Marekani, na jibu lililotolewa mara nyingi kuliko mengine lilikuwa asilimia 95. Hesabu mwenyewe: kati ya watu 1,000 mgonjwa ni 1, na wazima waliosingiziwa ni kama 50. Wenye majibu ya "unao" ni 51, na mgonjwa kati yao ni mmoja, yaani chini kidogo ya asilimia 2. Kipimo hakikudanganya. Ila hakuna aliyeuliza ugonjwa wenyewe ni wa kawaida au wa nadra kiasi gani, jambo ambalo linatakiwa kujulikana kabla sindano haijaingia.

Lakini daktari ana neema ambayo mimi sina, maana mgonjwa wake anaongea. Mashine haisemi, ila karibu kila mara kuna mtu aliye kando yake usiku na mchana anayeijua kuliko mimi. Dereva anaijua sauti ya gari lake. Muuguzi anaijua mashine ya wodi yake. Fundi anayempuuza mtu huyo kwa sababu hajui majina ya vipuri amelitupa faili la mgonjwa kabla ya kulisoma.

Basi usiku ule nikaenda wodini mwenyewe, nikakaa. Saa tatu walipofunga mapazia ndipo nilipoona. Mashine ilikuwa imeegemezwa dirishani, na matundu ya kuvutia hewa yako mgongoni. Mchana pazia liko pembeni. Usiku linafungwa, mashine inavuta hewa, kitambaa kinanata kwenye matundu.

Tukamhamishia mgonjwa kwenye mtungi wa oksijeni kwanza. Nikafunika matundu kwa pazia, nikasubiri. Asilimia 94, 91, 86, kisha ikashuka zaidi na king'ora kikalia. Nikalifunua pazia, namba zikapanda taratibu mpaka zilipokuwa. Nikalirudisha tena.

"Si umeshajua, Fundi?" muuguzi akaniuliza. "Mbona unaifunika tena?"

"Nataka niione ikiharibika mara ya pili, Sista, kwa sababu ile ile."

Tukasimama wote wawili tukiangalia namba zikishuka. Ilipolia, nikaisogeza hatua mbili kutoka dirishani, yeye akavuta daftari la zamu na kuandika, safari hii katikati ya ukurasa: isiwekwe karibu na pazia.