Shirika la elimu lisilosimamiwa vizuri: dhana potofu na ukweli wake

"Mshahara umechelewa kwa sababu mfadhili hajatuma fedha."
Huwa ni kweli, lakini uliza kwa nini hajatuma. Mara nyingi awamu ya pili imezuiliwa kwa kuwa taarifa ya matumizi ya awamu ya kwanza haijafika, nayo imekwama kwa kukosa stakabadhi. Au fedha za vitabu zimelipia pango la ofisi, eti "kwa muda". Fedha za mradi zina masharti: mkaguzi akikuta zimetumika nje ya bajeti, mfadhili anaweza kuikataa gharama hiyo na kudai arudishiwe, na pengo huangukia kwenye mishahara. Kwa hiyo ulizia mshahara wako unatoka mradi upi, na mradi huo unaisha lini.

"Tumefikia watoto wengi, basi kazi inakwenda."
Watoto 40 wakihudhuria vipindi 10, taarifa huandika watoto 400. Ni walewale 40. Kosa huanzia kwenye daftari la mahudhurio linalojazwa idadi bila majina, kwa hiyo hakuna awezaye kutenganisha mtoto mpya na wa jana. Andika jina, darasa na tarehe, kila kipindi. Tena kama hawakupimwa kusoma kabla mradi haujaanza, hata majina hayatasema wamejifunza nini.

"Kumsainia mwenzako posho ni kusaidiana."
Ni kughushi, na atakayeulizwa ni wewe. Ukiagizwa kwa mdomo, tuma barua pepe siku hiyohiyo: "Nathibitisha umeniagiza nisaini kwa niaba ya fulani." Maagizo ya namna hii yakiandikwa huwa yanafutwa haraka.

"Shirika lisilo la faida haliruhusiwi kubaki na ziada."
Linaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kugawana ziada hiyo. Lisilo na akiba hutikisika mradi mmoja tu ukiisha.

"Bodi itarekebisha."
Bodi ya ndugu na marafiki wa mkurugenzi husoma kile anachowapelekea yeye. Ulizia kikao cha mwisho kilikaa lini na muhtasari uko wapi.

"Ukiacha kazi, umewatupa watoto."
Kauli hii huwashika walimu wazuri miaka mingi. Andika makabidhiano, kisha chukua nakala za mkataba wako na hati za mshahara. Makato ya hifadhi ya jamii kuonekana kwenye hati si ushahidi kwamba yaliwasilishwa. Kahakiki kwenye mfuko wenyewe, ikiwezekana kabla hujatoa notisi. Rekodi za watoto ziache ofisini.