Kenya, Uganda na Rwanda na watoto likizo ya Juni: panga kuanzia mipakani

Familia nyingi za hapa Tanga zikipanga mzunguko wa nchi jirani huanza na orodha ya vya kuona: Mombasa, Nairobi, chanzo cha Nile, Kigali. Mipaka huja mwisho kabisa. Mimi hupanga kinyume chake. Mzunguko huu una mipaka minne: Horohoro (kuingia Kenya), Busia (kuingia Uganda), Katuna (kuingia Rwanda) na Rusumo (kurudi Tanzania). Safari ikiharibika, mara nyingi huharibikia kwenye mojawapo, mzazi amesimama dirishani na karatasi pungufu huku watoto wanalia njaa kwenye gari.

Njia yenyewe ina karibu kilomita 3,400 kutoka Tanga hadi kurudi Tanga. Kwa gari la familia lililojaa watu na mizigo, linalokwenda kilomita 10 kwa lita, hesabu lita 340, kisha ongeza lita 50 za foleni na mizunguko ya mijini. Kanuni zangu ni mbili tu. Siku ya kuvuka mpaka isizidi kilomita 250, na siku ya kawaida isizidi 350. Mipaka miwili kwa siku moja haivukwi, hata kama ramani ya simu inasema inawezekana.

Karatasi, miezi mitatu kabla

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatumo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo kadi ya NIDA haikuvushi Horohoro. Kila mmoja awe na pasipoti yake, hadi mtoto mchanga. Maombi hufanyika mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, kisha mnakwenda Uhamiaji kwa picha na alama za vidole. Kitabu kimoja ni shilingi 150,000, maana yake watu watano ni 750,000 kabla hamjatia hata lita moja ya mafuta. Hati ya dharura ya kusafiria ni nafuu na hutoka haraka, inatosha kabisa kwa harusi ya Mombasa. Kwa nchi tatu mfululizo, nenda na pasipoti.

Kinachochelewesha pasipoti za watoto ni cheti cha kuzaliwa. Jina la baba kwenye cheti linaandikwa "Mohamedi", kwenye kitambulisho chake "Mohamed", na ombi linasimama hapo. Vilaze vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi, na la RITA, wanaotoa vyeti hivyo, lishughulikie kabla hujagusa fomu ya pasipoti. Vyeti halisi vya watoto safiri navyo. Mzazi akienda peke yake na watoto, au shangazi akiwachukua, iwepo barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, imethibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Huenda isiombwe hata mara moja. Siku ikiombwa haina mbadala.

Chanjo ya homa ya manjano huitegei wiki ya mwisho, kwa kuwa cheti chake kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Uganda wanakitaka, na sisi wenyewe tunakidai kwa anayerudi akitokea Kenya au Uganda. Tangu Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10, kwa hiyo usikubali kudungwa tena kwa sababu ya tarehe. Watoto walio chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachanjwi. Wa umri huo namshauri mzazi aahirishe Uganda.

Gari nalo lina karatasi zake

Kuna kadi mbili za njano na watu huzichanganya. Ya kwanza ndiyo hiyo ya chanjo. Ya pili ni kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya gari kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine nje ya nchi. Bima yako ya nyumbani, iwe ndogo au kubwa, usidhani inavuka nawe. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa bima bado tumo, na kadi inatolewa na kampuni ileile iliyokukatia bima. Hakikisha Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo kwenye kadi na tarehe zinafika hadi siku ya kurudi, na ziada ya wiki moja. Kadi iliyokatwa siku 21 kwa safari ya siku 24 ni ya kawaida mno.

Beba kadi halisi ya gari. Kama jina lililomo si lako, au kadi imeshikiliwa na benki kwa sababu ya mkopo, chukua barua ya idhini inayotaja namba ya gari, namba ya chasisi, jina la dereva na nchi zote tatu. Tazama na rangi ya namba. Noah ya kukodi yenye kibao cheupe ni gari la biashara, hata mkijaa humo mama, baba na wajukuu watupu, na mpakani mtaulizwa leseni ya kusafirisha abiria. Tafuta ya kibao cha njano.

Forodha kila nchi watakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani, na ukitoka nchi hiyo hakikisha kibali kimefungwa. Kibali kisichofungwa kinasomeka kama gari limebaki huko. Ada za gari hutofautiana kati ya mpaka na mpaka, basi ziwekee fungu lake na usizichote kwenye pesa ya chakula. Pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, spea yenye upepo, jeki: haya askari wa nchi zote nne wanayakagua.

Dirishani

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, yaani mnagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Kwenda Kenya mnapita jengo la Horohoro mkashukie Lunga Lunga. Busia na Rusumo ni hivyohivyo. Kosa linalojirudia ni familia kwenda moja kwa moja kwenye dirisha la nchi wanayoingia na kuruka lile la kutokea, maana yote yamo ukumbi mmoja na foleni zinafanana. Muhuri wa kutoka ukikosekana leo, swali lake utaulizwa wiki tatu baadaye Rusumo.

Kwa hiyo mmoja wenu akusanye pasipoti zote na azifungue moja moja palepale dirishani. Aangalie muhuri wa kutoka, wa kuingia, na idadi ya siku ambayo mara nyingi afisa huiandika kwa kalamu. Raia wa Afrika Mashariki anaruhusiwa hadi miezi sita bila ada, na ule usajili wa mtandaoni ambao Kenya waliuanzisha Januari 2024 kwa wageni hautuhusu, lakini afisa akiandika siku 7 basi ni 7. Mwambie mapema mnakaa siku ngapi, kwa adabu, na omba ziada kidogo. Baada ya salamu na "shikamoo" ya mtoto, kazi huwa nyepesi.

Mtoto mwenye homa asivuke. Vituo vinapima joto, na malaria ya kawaida inaweza kuwaweka kando nusu siku. Mkiona dalili, laleni mji wa kabla ya mpaka, apimwe, mvuke kesho.

Pesa badilisheni kidogo kidogo, na hesabu ufanye kwa kikotoo cha simu yako, si cha mwenye pesa. Shilingi ya Uganda ni nyepesi kuliko yetu, hivyo tarakimu zinakuwa kubwa na sifuri moja hupotea kirahisi. Faranga ya Rwanda ni nzito kuliko yetu. Shilingi za Kenya zikibaki, Tanga zina wenyewe. Za Uganda zimalizeni Katuna na faranga Rusumo.

Tarehe na vituo vya kulala

Juni ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Shule zetu zimefungwa lakini za Kenya na Uganda zinasoma, kwa hiyo nyumba za wageni za pwani ya Kenya na Kisumu hazijajaa na bei inazungumzika. Agosti mambo yanageuka. Epuka tu siku chache: Juni 1 Kenya wana sikukuu ya Madaraka, na Juni 3 mahujaji wanajaa Namugongo, nje kidogo ya Kampala, hata barabara za upande ule hazipitiki. Ukiondoka Tanga Juni 7 umeyakwepa yote.

Mgawanyo wangu ni usiku 23. Mombasa au Diani tatu, Voi mmoja, Nairobi tatu, Nakuru mmoja, Kisumu mbili, Jinja mbili, Kampala mbili, Mbarara mmoja, Kigali tatu, kisha Ngara, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro mmoja mmoja. Mnaingia nyumbani Juni 30, na watoto wanapata siku za kufua sare. Ukikosa muda, punguza Nairobi na Kampala, usipunguze Voi wala Mbarara. Usiku huo mmoja mmoja ndio unaozifanya siku ndefu zivumilike.

Usipotaka kuingia Kisiwani Mombasa, shika barabara ya Dongo Kundu inayotokea upande wa Miritini, uiepuke foleni ya kivuko cha Likoni. Kutoka Nairobi napendelea Kericho, Kisumu na Busia kuliko Eldoret na Malaba, maana malori ni machache kidogo na chai ya Kericho inawaburudisha macho watoto. Hata Busia mtakuta foleni ya malori. Gari dogo halipangi humo, mnapita pembeni, ila polepole, kwa sababu anayekuja mbele naye anapita hapohapo.

Baada ya Kampala kuna Kayabwe, kilomita 72 kwenye barabara ya Masaka, ambapo mstari wa ikweta umewekewa alama. Dakika ishirini zinatosha. Kuanzia Mbarara mnapanda milima, Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mtoto wa Tanga hajui baridi ile. Sweta mbili kwa kila mtoto, soksi, na kofia ya sufu. Nunueni mitumba kabla hamjaondoka. Kona za Kabale hadi Kigali hutapisha. Asubuhi hiyo mpe mtoto mkate mkavu na chai ya tangawizi, maziwa na maandazi ya mafuta yangoje jioni, na mwenye kutapika akae mahali anapoona mbele.

Sokwe wa milimani waondoeni kwenye mpango ikiwa mna watoto chini ya miaka 15. Hawaruhusiwi, si Uganda wala Rwanda. Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, Kigali, ningempeleka kijana wa sekondari, si wa darasa la nne.

Rwanda inataka uangalifu wa peke yake. Wanaendesha upande wa kulia, na kwa gari letu lenye usukani kulia dereva hawezi kuona anapotaka kulipita lori. Aliyekaa kushoto ndiye macho yake, na akinyamaza, usipite. Hatari kubwa zaidi iko asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta au uwanja wa hoteli na barabara ni tupu. Mkono unakwenda kushoto wenyewe. Bandika karatasi yenye mshale wa kulia katikati ya usukani tangu mpakani, na uibandue Rusumo. Mizunguko ya barabara nayo inazungukwa kinyume na yetu. Kamera za mwendo ni nyingi, basi fuata kibao, usifuate wenzako.

Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na Kenya tangu 2017. Fungua mabegi nyumbani. Nguo za watoto zilizofungwa kwenye nailoni ndizo zinazosahaulika. Saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo mkitoka huko saa 2 asubuhi, Rusumo wanaanza kuhesabu kutoka saa 3. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda: kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa na magari yanazuiwa. Usipange kuondoka asubuhi hiyo.

Wasio na gari wanaweza kuzunguka vilevile. Basi hadi Mombasa, kisha treni ya Miritini hadi Nairobi: chini ya miaka 3 bure, miaka 3 hadi 11 nusu nauli. Tiketi hulipiwa kwa M-Pesa ya Kenya, hivyo sajilini laini kwa pasipoti mara mnapofika, na mwende stesheni saa moja na nusu kabla kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo kwa mbwa. Baada ya hapo ni mabasi ya Kampala na Kigali, ambayo mengi husafiri usiku. Kwa watoto tafuta ya mchana hata kama ni mawili ya kuunganisha. Wakati wa kurudi, shukeni Dodoma mpande treni ya umeme hadi Dar, kisha basi la Tanga.

Wenye gari, kutoka Rusumo bado mna zaidi ya kilomita 1,400, na hapa ndipo akina baba wengi husema "tumeshafika nchini, tusukume." Msisukume. Kipande cha Rusumo hadi Nyakanazi kina malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na usiku lori lililoharibika huwekewa matawi tu nyuma badala ya pembetatu. Lala Ngara, ondoka saa 12 na nusu alfajiri, na kila siku uwe umeegesha kabla ya saa 11 jioni mpaka Morogoro. Kutoka hapo Chalinze, Segera na Tanga ni nusu siku. Mtoto au mkubwa akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyohiyo na mganga atajiwe nchi zote mlizopita.