Mastaa wote hawa, mbona wachambuzi wamenuna?

Nahariri filamu na video za harusi hapa Mbeya, na vijana wanaokuja studio Mwanjelwa kujifunza kazi huniuliza sana swali hili: inakuwaje filamu ya mapenzi na vichekesho iliyojaa mastaa ipondwe na wachambuzi, halafu iingize mabilioni ya shilingi? Huwa nawapa mfano wa Valentine's Day ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Garry Marshall. Humo wamo Julia Roberts, Bradley Cooper, Jamie Foxx, Anne Hathaway, Ashton Kutcher, Jennifer Garner, Queen Latifah, Taylor Swift, na bado sijamaliza. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wachambuzi wa filamu, iliambulia chini ya asilimia 20. Duniani ikaingiza zaidi ya dola milioni 200.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo asilimia, maana wengi wanaisoma kama alama za mtihani. Rotten Tomatoes inahesabu ni wachambuzi wangapi wameikubali filamu, basi. Haipimi wameikubali au kuikataa kwa kiasi gani. Aliyesema "siyo mbaya, ila haina jipya" anaweza kuangukia kapu moja na aliyeichukia kabisa. Filamu za namna hii zinaumia sana hapo, kwa sababu ni chache zinazomkera mtu, na ni chache zinazomshangaza.

Sasa njoo kwenye meza yangu. Filamu ina dakika 125. Hadithi zake, ukijumlisha wapenzi, mtoto, bibi na babu, zinakaribia kumi. Gawanya: kila moja inapata kama dakika 12, tena zikiwa zimekatwa vipande vidogo vidogo na kutawanywa filamu nzima. Kwa dakika hizo huwezi kumjenga mhusika, kwa hiyo unaazima sura ambayo watu wanaijua tayari. Julia Roberts akikaa tu kwenye kiti cha ndege, mtazamaji anamkumbuka tangu Pretty Woman ya 1990, ambayo nayo iliongozwa na Marshall. Wachambuzi wanasema hapo mwandishi amekwepa kazi yake. Kama mhariri, nakubaliana nao kwa sehemu kubwa.

Ila mtazamaji ana njia yake. Niliona hili kwenye saluni moja ya Mafiati, hapa hapa Mbeya, filamu hiyo ikiwa kwenye runinga. Msusi alishikamana na yule mwalimu anayedanganywa na daktari mwenye mke. Kila daktari akitokea, vidole vinasimama kwenye nywele za mteja. Akiondoka, kusuka na soga vinaendelea. Mama mmoja aliyekuwa kwenye draya yeye alimchagua yule askari wa kwenye ndege, yaani Julia Roberts. Mwishoni ilipofunuliwa kwamba safari yote ile ndefu ilikuwa ya kuja kulala usiku mmoja tu na mwanawe, mama alitoa kichwa kwenye draya akasema, "Kumbe ana mtoto, jamani!" Hadithi nyingine wala hakuziulizia. Mchambuzi analazimika kubeba zote kumi na kueleza zinashikanaje. Yule mama alibeba moja, akaondoka ameridhika, na hakukosea. Kwenye harusi ni vilevile: hata niihariri video itiririke namna gani, shangazi wa bibi harusi atauliza tu, "Mbona mimi sionekani?"

Lakini saluni ileile ilinionyesha udhaifu ambao wachambuzi waliuona. Kuna vipande vya Taylor Swift na Taylor Lautner, wanafunzi wanaopendana, wakiwa na dubu mkubwa mweupe wa kuchezea. Kule Marekani watu walijua hao wawili walikuwa wapenzi kweli mwaka 2009, kwa hiyo kila wakikumbatiana kulikuwa na utamu wa udaku. Mafiati hakuna aliyejua hilo, na hakuna aliyecheka. Ukiiondoa ile habari ya nje ya filamu, kipande hakina kitu cha kusimamia.

Mastaa wengi peke yao hawaharibu filamu. Love Actually ya Richard Curtis, ya 2003, nayo ilijaa majina na kugawanya wachambuzi, lakini hadi leo watu wanaiangalia kila Krismasi. Naamini sababu mojawapo ni pale Emma Thompson anapofungua zawadi akitarajia mkufu aliouona mfukoni mwa mumewe, akakuta CD, akajua mkufu ni wa mwanamke mwingine. Anaingia chumbani, analia, anajifuta machozi, anatandaza shuka lililokwisha kutandikwa, kisha anarudi kwa watoto akitabasamu. Kamera inakaa naye. Pale hata mtu asiyemjua Thompson kabisa anaumia, kwa sababu kila kitu anachohitaji kimo ndani ya filamu.

Ndiyo maana nawasisitizia sana watayarishaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini, ambao siku hizi wanaleta orodha ya wachekeshaji na wasanii wa Bongo Fleva kabla ya kuleta muswada. Majina yatauza wiki ya kwanza, nalijua hilo. Enzi za marehemu Steven Kanumba sura kwenye kasha ilitosha kumfanya mtu anunue. Waleteni wote mkiweza kuwalipa. Ila chagueni hadithi moja muipe dakika 30, hadithi nyingine zigawane dakika zilizobaki, na siku ya kupiga picha chukueni vipande virefu vya mhusika wa hadithi hiyo moja mniletee, ili nikifika mezani niwe na kitu cha kukaa nacho bila kukimbilia sura nyingine.