Machu Picchu siyo juu, juu ni Cusco

Wiki hii nimeletewa ratiba nyingine ya Peru niikague. Mama mmoja wa Dar ameuziwa hivi: siku ya kwanza unatua Cusco mchana, jioni unazungushwa mjini hadi Sacsayhuamán, ngome ya Wainka, siku ya pili Vinicunca, ule mlima wa rangi, Machu Picchu mwisho kabisa, "mwili ukishazoea, maana kule ni juu sana". Hiyo ni ratiba ya kulipia dola ili utapike kwa ugonjwa wa mwinuko. Nimechoka kueleza jambo hili kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo naliandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Magofu ya Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, yako mita 2,430 juu ya usawa wa bahari. Cusco, mji wenye uwanja wa ndege na hoteli, uko karibu mita 3,400. Ukitoka Cusco kwenda Machu Picchu unateremka, tena unateremka karibu kilomita nzima. Kwa kulinganisha na kwetu, Machu Picchu iko sawa na Iten, kule wakimbiaji wa Kenya wanakofanyia mazoezi. Kama umewahi kulala kambi ya Mandara kwenye njia ya Marangu, Kilimanjaro, mita 2,720, umeshaipita Machu Picchu ukiwa bado msituni.

Kinachodanganya ni picha. Unaona magofu, nyuma yake kilele cha Huayna Picchu kimechomoza kama jino, na mawingu yako chini ya miguu ya watu. Mtu anasema: hapa ndipo paa la Andes. Mawingu yako chini kwa sababu magofu yamekaa kwenye mgongo wa mlima juu ya korongo la mto Urubamba, na unyevu wa Amazoni unapanda kupitia korongo hilo. Ni ukingo wa msitu, kuna okidi na mbu. Cusco kwa upande wake haina sura ya mlima hata kidogo: mapaa ya vigae, teksi, makanisa, watoto wanacheza mpira. Hakuna anayeiogopa, na ndiyo inayowalaza watu kitandani.

Sasa lile jibu ninalolipata kila mara: "Kaka, mimi nilifika Uhuru, Cusco itanifanya nini?"

Hongera. Uhuru ulifikaje? Njia ya Marangu unaanzia getini, chini kidogo ya mita 1,900. Unalala Mandara, kesho yake Horombo, mita 3,720, na wengi wanaongeza usiku mmoja hapohapo kabla ya kwenda Kibo. Umetembea kwa miguu, pole pole, na kiongozi anakukataza kukimbia. Lima iko ufukweni. Ndege ya Cusco inachukua zaidi kidogo ya saa moja, na mlango unafunguliwa kwenye mita 3,300. Hakuna Mandara katikati. Hewa ina oksijeni asilimia ileile 21, ila mgandamizo wake ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo.

Mwili unazoea, lakini kwa ngazi. Kwanza unapumua kwa kasi na kwa kina. Kisha figo zinatoa bikaboneti ili damu ivumilie kupumua huko, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa. Ukishateremka, mazoea yote haya yanapotea ndani ya wiki chache. Cheti cha Uhuru cha miaka mitatu iliyopita kimebaki ukutani tu. Kitu cha maana ulichopata Kilimanjaro ni kumbukumbu: kama Horombo kichwa kilikupasuka, jiandae kwa hilo Cusco. Kama hukuumwa ni dalili njema, lakini usiichukue kuwa ni ahadi.

Hapo ndipo vitabu vinapoandika kwa uhakika kuliko ninavyoona kazini. Nimeona kijana wa gym analala chali na bibi wa miaka sabini anaomba chai ya pili. Nadhani vijana wanaumia kwa sababu wanakataa kwenda polepole, ila siwezi kuthibitisha, na sijapata kipimo cha kumwambia mgeni akiwa bado nyumbani kama ataumwa. Wanaotoka Nairobi au Njombe wanakuwa na nafuu kidogo kuliko wa Mombasa. Kidogo.

Kosa la siku ya kwanza linatokana na saa. Unatua, pakiti ya krispi ndani ya mkoba imevimba imekaza, kofia ya losheni ukiifungua inakurushia, unacheka, unapiga picha. Hujisikii vibaya. Basi unapanda ngazi mbilimbili, unakula mlo mzito usiku, unaongeza na pisco, pombe kali ya Peru. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, yaani usiku, wakati kiongozi wako ameshalala.

Ninavyopanga mimi: kutoka uwanja wa ndege hatuingii Cusco. Gari moja kwa moja hadi Bonde Takatifu, bonde la mto Urubamba, tunalala Ollantaytambo au Urubamba, kati ya mita 2,800 na 2,900. Usiku mbili. Mchana unaweza kupanda kwenda Moray, kwenye matuta ya duara ya Wainka, na Maras, ambako ni karibu mita 3,400, kwa sababu usiku unarudi chini. Panda juu, lala chini. Wapagazi wa Machame wanaijua sheria hii kuliko mawakala wengi. Maras usiiruke. Kijito cha maji ya chumvi, chembamba unaweza kukiruka, kinagawanywa kwa vifereji hadi kwenye maelfu ya vidimbwi vilivyopangwa ubavuni mwa mlima, na kila dimbwi lina familia yake. Vingine vyeupe, vingine rangi ya udongo, kutegemea lini maji yameingizwa.

Kisha treni hadi Aguas Calientes, mita 2,040, na Machu Picchu. Cusco inakuja mwisho, ukiwa na nguvu za kusimama mbele ya kuta za Qorikancha, hekalu la jua la Wainka, na kutazama mawe yaliyokaa pamoja bila saruji.

Vinicunca, kama ni lazima, iwe siku ya mwisho. Iko juu ya mita 5,000. Kibo Hut iko 4,720! Hakuna kiongozi wa Kilimanjaro atakayekuvusha mita 5,000 siku ya pili, leseni yake anaipenda. Cusco wanakuamsha usiku wa manane, mnakwenda kwa gari kama muda wa saa tatu, wanakushusha kwenye baridi wanakwambia tembea. Rangi zenyewe ni za kweli, ni madini, ule wekundu ni chuma kilichopata kutu. Lakini picha za mitandaoni zimekolezwa. Siku ya wingu utaona kahawia na kijivu, na msimu wa mvua, Desemba hadi Machi, theluji inaweza kufunika kila kitu.

Chai ya koka, majani yaleyale yanayotengenezewa kokeini: inywe, ni tamu kiasi, Peru ni halali. Kama inatibu, ushahidi ni mdogo, na mimi nashuku nusu ya kazi inafanywa na kule kukaa kitako dakika ishirini. Majani usirudi nayo nyumbani hata moja, na kama kazini kwenu wanapima mkojo, iache kabisa. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Mtu akikosa pumzi akiwa amekaa, au akipepesuka kama mlevi, hapo hakuna chai: hospitali, na ateremshwe.

Tiketi kwa ufupi. Machu Picchu inauzwa kwa saa na kwa njia maalumu, kata mapema. Boleto turístico ya Cusco, tiketi moja ya vivutio vingi, inadumu siku 10, inaingiza Sacsayhuamán, Pisac, Moray na kwingineko, ila siyo Machu Picchu wala Maras. Njia ya Inka, ile ya kwenda Machu Picchu kwa miguu, hufungwa kila Februari.

Na wanaotaka kuunganisha Bolivia: anzia Peru. Puno, kando ya ziwa Titicaca, ni mita 3,800, na ukifika huko kwa basi kutoka Cusco mwili umeshajipanga kwa La Paz na jangwa la chumvi la Uyuni. Kuanzia La Paz ni kutua El Alto, uwanja ulio juu ya mita 4,000. Kama tiketi imeshakatwa hivyo na hairudishwi, teremka siku hiyohiyo ulale mitaa ya kusini ya jiji. Teleferiki, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba, za kurudi El Alto zinapita juu ya mapaa siku nzima, utazipanda kesho kutwa.