Melodrama siyo kujiliza

Mchezaji akijiangusha kwenye boksi, melodrama. Mtu akilia sana kwenye send-off, melodrama. Sasa hivi hilo neno linabebeshwa kila aina ya makeke na mimi nimechoka kulisikia.

Kwa kifupi ni mchezo wa jukwaani unaokwenda na muziki, mwema anajulikana na mwovu anajulikana, na ile melodrama ya nyumbani kisa chake ni ndoa, watoto na heshima ya familia. Basi. Sasa huo muziki ndo kila mtu anausahau wakati ndo umebeba jina, melos kwa Kigiriki ni wimbo, na wala haukuwekwa kwa urembo. London mpaka 1843 maigizo ya kuongea tu yalikuwa ya kumbi chache zenye kibali cha mfalme, kama Drury Lane na Covent Garden, wengine wakitaka kucheza ilibidi wachomeke nyimbo na muziki ili wasikamatwe na sheria, kwa hiyo fidla zikawa zinapigwa chini ya maneno ya muigizaji, mwovu anaingia na mlio wake, mama anayeagana na mwanawe ana wake. Sheria ilipokuja kufutwa watu walishanogewa.

Mfano mzuri ni East Lynne, riwaya ya Ellen Wood ya 1861. Lady Isabel anawaacha mume na watoto anamfuata mhuni mmoja, anapewa talaka, anaharibika sura kwenye ajali ya treni, afu anarudi kwenye nyumba ileile kama mwalimu wa watoto wake mwenyewe na hawamtambui. Mwanawe anakufa yeye yuko pale pale pembeni ya kitanda. Sheria ya wakati ule haikumpa mwandishi wa riwaya uwezo wa kuzuia watu wasigeuze kitabu chake kuwa mchezo, kwa hiyo kila kampuni ikajikatia toleo lake, Marekani wakaanza, London ukumbi wa Surrey wakaucheza 1866, na makundi ya kuzunguka yakaupeleka mpaka Australia na New Zealand.

Na huko makoloni ndo kuna utamu, maana kisa kizima kimekalia talaka. Uingereza sheria ya kupeleka talaka mahakamani ilipita 1857, koloni la Victoria kule Australia wakaifuata 1861, lakini New South Wales, koloni lenye mji wa Sydney, mpaka 1873. Yaani mwaka ule Surrey wanamliza mtu na Lady Isabel, Sydney ilikuwa bado haina mahakama ya kumpa mtu talaka! Mchezo uleule, London unaongelea sheria ambayo watu wanayo, Sydney unaongelea kitu ambacho hakipo.

Waaustralia waliupenda mpaka 1922 wakautengenezea filamu bubu, na filamu bubu nazo zilionyeshwa huku mpiga piano anapiga pale ukumbini, kwa hiyo muziki haukuwahi kutoka.

Ukitaka melodrama ya leo angalia tamthilia za Kituruki, ile mama mkwe hajafungua hata mlango na muziki ushaanza kukuambia kuna balaa, hiyo iite melodrama kwa raha zako. Ila mtu anayelia kupita kiasi kimya kimya bila bendi, jamani, huyo anajiliza tu.